Tuko saba, kazi wanaifanya wawili: thamani ya kushirikiana iko wapi hasa?

Mdadisi wa Zamu aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam.

Naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo limenisumbua tangu mwezi uliopita. Mahali ninapofanya kazi tuliteuliwa watu saba kuandaa mwongozo wa kuwaelekeza watumishi wapya, tukapewa miezi mitatu. Siku ya kwanza mkuu wetu alitukumbusha kwamba umoja ni nguvu na kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, tukapiga makofi, kisha tukapanga kukutana kila Jumatatu asubuhi. Tulikutana kweli. Kila Jumatatu tulisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, tukaelezana kwamba kazi inaendelea vizuri, na tukaahidiana kukamilisha sura zilizobaki, ambazo hakuna aliyekuwa na hakika ni zipi wala ni za nani.

Zilipobaki siku kumi na mbili niligundua kwamba sura ya nne ilikuwa imeandikwa mara mbili, na watu wawili ambao kila mmoja alidhani ni yake, ilhali sura ya sita haikuwa na mwandishi kabisa. Fomu moja iliitwa "hati ya makabidhiano" ukurasa huu na "fomu ya kupokelea" ukurasa ule. Mimi na mwenzangu mmoja tulikesha siku tisa tukiandika upya karibu kila kitu, na faili tulilolituma mwishoni lilikuwa na jina "rasimu ya mwisho kabisa 4". Siku ya kukabidhi tulisimama wote saba kupigwa picha.

Sasa tumeagizwa, saba wale wale, kuupitia upya mwongozo huo baada ya kutumika kwa muda. Kabla sijaingia tena katika vikao vya Jumatatu ningependa kuelewa: je, kufanya kazi pamoja kuna thamani ya kweli katika kulifikia lengo, au ni methali tunayoirudia kwa sababu inapendeza masikioni? Na kama thamani ipo, kwa nini sisi hatukuiona?

Kamba Ndefu alijibu:

Dada Mdadisi, pole kwa kukesha. Yaliyokupata yalipimwa kwa kamba zaidi ya karne moja iliyopita.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alikuwa akipima nguvu ambazo wanadamu na wanyama huweza kuzitoa katika kuvuta na kusukuma mizigo. Vipimo vyake vya miaka ya 1880, alivyovichapisha mwaka 1913, vilionyesha kwamba ukiichukua nguvu ya mtu anayevuta peke yake kuwa asilimia 100, basi wakivuta wawili kila mmoja hutoa takriban asilimia 93, wakiwa watatu 85, na wakifika wanane kila mmoja hutoa 49 tu. Watu wengi huishia hapo, wakacheka na kusema kwamba kundi ni kichaka cha wavivu. Lakini fanya hesabu: wanane kwa asilimia 49 ni sawa na karibu watu wanne kamili. Hakuna mtu mmoja duniani anayevuta kwa nguvu za watu wanne, kwa hiyo jiwe ambalo peke yako usingelitikisa, kundi lile litalisogeza. Faida na hasara zimo katika kipimo kimoja, na ndiyo maana mkuu wako ana haki ya kusifu umoja nawe una haki ya kulalamika.

Ringelmann mwenyewe alidhani sehemu kubwa ya upungufu inatokana na watu kutovuta kwa mpigo mmoja. Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake walilichunguza jambo hilo kwa hila nzuri: mtu alifungwa kitambaa machoni, akawekwa mbele kwenye kamba, akaaminishwa kwamba nyuma yake wapo wengine wanaovuta, kumbe hao walikuwa wakijifanya tu. Nguvu yake ilipungua hata hivyo. Hapakuwa na wa kupishana naye mpigo. Alilegea kwa kuamini tu kwamba hayuko peke yake. Bibb Latané na wenzake walipata jambo hilohilo mwaka 1979 kwa kuwataka watu wapige makofi na kelele kwa nguvu zote, kisha miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba mtu akijua sauti yake inapimwa peke yake hata akiwa ndani ya kundi, ulegevu huo hutoweka.

Hapo ndipo ninapoitilia shaka sura yenu ya sita. Ilikuwa ya wote, na kwa hiyo hapakuwa na mtu ambaye angeulizwa kwa jina lake iko wapi.

Niongeze jambo moja, maana naona linasahauliwa mno. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Ivan Steiner alizigawa kazi za kundi kwa jinsi michango ya watu inavyoungana, nami huzikumbuka kwa majina yangu mwenyewe. Ipo kazi ya kamba, ambamo nguvu hujumlishwa. Ipo kazi ya kitendawili, ambamo akitokea mmoja mwenye jibu wengine hawana la kuongeza isipokuwa kumsikia. Na ipo kazi ya mafiga, kwa ile methali ya jifya moja haliinjiki chungu: likitetereka moja, ubora wa yale mawili mengine haukuokolei kitu. Mwongozo ni kazi ya mafiga. Ninyi mliuendesha kama kamba, mkidhani wingi wa mikono utatosha.

Fundi Programu alijibu:

Nakubaliana na mengi aliyoyasema Kamba Ndefu, ila nadhani ameihurumia namba saba.

Katika kazi yangu ya kuandika programu tunalo onyo la Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo mkubwa wa kompyuta za IBM katika miaka ya 1960, naye akaandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, utauchelewesha zaidi. Sababu yake ni ya hesabu tu. Wageni lazima wafundishwe na wale wale waliokwisha kuzidiwa na kazi, na kila anayeongezeka huongeza njia za mawasiliano na kila aliyekuwapo. Watu watatu wana njia tatu kati yao. Watu saba wana ishirini na moja. Kumi na watano wana mia moja na tano. Kila njia ni mahali ambapo "hati ya makabidhiano" inaweza kugeuka "fomu ya kupokelea" bila mtu kutambua.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ushauri wangu ni mfupi: chagua watatu waandike, wanne wasome na kukosoa, na usimwonee haya mtu kwa kumwondoa kwenye uandishi.

Kijiti Mkononi alijibu:

Mimi si msomi wa mambo haya, lakini nilikimbia mbio za kupokezana vijiti kwa miaka kadhaa, na ningependa kuongeza mfano kutoka uwanjani.

Katika fainali ya wanaume ya mita 100 mara nne kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Japani ilishika nafasi ya pili kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika ya Usain Bolt. Wakati huo hakuna hata mmoja kati ya Wajapani wale wanne aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde kumi. Marekani, yenye wakimbiaji waliokwisha kuuvuka mpaka huo, ilimaliza ya tatu kisha ikaondolewa kwenye matokeo kwa kosa la kupokezana kijiti. Wajapani walikuwa wameutumia muda mrefu kufanya mazoezi ya jambo moja dogo, yaani kupokea kijiti kwa mkono ulio chini, ili mpokeaji asipoteze mwendo kwa kuuinua mkono nyuma.

Asiyewahi kukimbia hudhani mbio hizo ni jumla ya watu wanne wenye kasi. Anayepokea huweka alama ya utepe kwenye njia yake, akamwangalia mwenzake mpaka aikanyage, kisha huondoka kwa kasi yake yote bila kugeuka nyuma tena, akinyoosha mkono kwa imani tu. Ukigeuka kuangalia, umechelewa. Ukiondoka mapema kwa hatua mbili, hakufikii. Alama ile tuliisogeza mbele na nyuma kwa unyayo mmoja mmoja, wiki baada ya wiki, na siku ambayo mwenzetu mmoja aliugua mafua ilibidi tuisogeze tena kwa sababu kasi yake ilikuwa imepungua.

Swali langu kwa Dada Mdadisi: katika Jumatatu zote hizo, mliwahi kufanya zoezi la kukabidhiana sura, au kila mmoja alikimbia njia yake mpaka siku ya mwisho?

Muuguzi wa Usiku alijibu:

Ndugu Fundi Programu, hoja yako ya hesabu ni ya kweli, lakini naiogopa tiba uliyoiandika. Njia za mawasiliano ni mzigo, na wakati mwingine ndizo pekee zinazomwokoa mtu.

Nilipokuwa mgeni katika chumba cha upasuaji, kazi yangu ilikuwa kuhesabu vitambaa vya shashi kabla na baada ya upasuaji. Usiku mmoja nilihesabu mara ya kwanza nikapata kumi na tisa badala ya ishirini. Nikahesabu tena, kumi na tisa. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari ameshika sindano ya kufungia, naye alikuwa mtu mwenye sifa kubwa na saa nyingi za kusimama nyuma yake. Nilisema kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri. Aliyenisikia ni mtaalamu wa dawa za usingizi, akarudia kwa sauti kubwa: "Kimoja hakipo." Kitambaa kilipatikana mahali ambapo kingekuja kuoza ndani ya mgonjwa. Katika chumba kile mimi ndiye niliyekuwa na elimu ndogo kuliko wote, na kwa dakika ile mimi ndiye pekee niliyejua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua.

Usalama wa anga ulilipata somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, na watu 583 wakafa. Ndani ya ndege iliyokuwa ikiondoka, mhandisi wa ndege alikuwa ameuliza kama ile nyingine imekwisha kutoka njiani. Nahodha, rubani mwenye heshima kubwa katika shirika lake, alimjibu kwamba imetoka, na mwendo ukaendelea. Baada ya ajali za namna hiyo ndipo marubani walipoanza kufundishwa kuulizana, kusikilizana na kupingana kwa utaratibu, na hospitali zikaja kuazima kwao.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya upasuaji yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane, kuanzia Toronto hadi Ifakara, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Mojawapo ya vipengele hivyo huwachekesha wageni: kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Nililoliona mimi ni kwamba aliyekwisha kulitamka jina lake mara moja huona wepesi zaidi kufungua kinywa mara ya pili.

Lakini orodha haikuwa hirizi. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliiagiza kwa hospitali zake, na utafiti uliotolewa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Wengi waliotoa maoni juu ya matokeo hayo walisema kwamba karatasi inaweza kuwekwa alama zote huku watu wakiendelea kunyamaziana vile vile. Nimeliona hilo kwa macho yangu, alama zikiwekwa mgonjwa akiwa bado yuko korido.

Kwa hiyo kabla hujawapunguza watu, Dada Mdadisi, chunguza kwanza kama miongoni mwao hakuna aliyeona kitambaa kinakosekana. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza timu za wauguzi katika miaka ya 1990, alikuta timu zilizosemwa kuwa bora zaidi ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo ziliyasema makosa yao, wengine waliyaficha. Kundi ambalo kila Jumatatu linasema kazi inaendelea vizuri linanitisha.

Mzee wa Kumbukumbu alijibu:

Wanangu, nimewasoma wote kwa furaha. Mmeizungumza kamba, mmeizungumza mikono inayoishika. Mimi nauliza kuhusu ule mzigo wenyewe, maana sijaona mahali ambapo Mdadisi ametuambia lengo lilikuwa nini. "Kuandaa mwongozo" ni kazi. Lengo ni kile ambacho mtumishi mpya ataweza kukifanya akiusoma.

Nikiwa kijana niliishuhudia dunia ikiushinda ugonjwa wa ndui. Marekani na Umoja wa Kisovieti walikuwa wamelengana makombora, na bado walifanya kazi hiyo pamoja: Wasovieti ndio waliopendekeza mpango wa kuutokomeza mwaka 1958 na kutoa chanjo nyingi mno, na Mmarekani Donald Henderson ndiye aliyeongoza mpango ulioimarishwa wa Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 1967. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ndui haupo tena. Hawakupendana. Walikuwa na lengo ambalo kila mtu, tangu mkuu wa shirika hadi mchanjaji anayetembea kwa miguu, alilisoma kwa namna moja: wagonjwa sifuri. Lengo la namna hiyo huwaruhusu watu hata kubadili njia katikati ya safari, kama walivyofanya walipoona kwamba kumsaka kila mgonjwa na kuwachanja waliomzunguka kunafaa kuliko kutegemea kumchanja kila mtu kila mahali.

Jambo la pili nitaliuliza kwa adabu, nawe usikasirike. Mlipoandika upya kazi ya wenzenu kwa siku zile tisa, mliwaambia?

Mdadisi wa Zamu alijibu:

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nilitaka kujibu siku ile ile lakini swali la mwisho lilinikalia vibaya, nikaona afadhali kwanza niende kufungua makabrasha.

Hapana, hatukuwaambia. Tulijiambia kwamba muda hautoshi. Nikikumbuka vizuri, muda wa kupiga simu moja ulikuwapo. Tulichokosa ni subira ya kusikia maelezo. Kwa Ndugu Kijiti Mkononi: hatukuwahi kukabidhiana sura hata mara moja. Kila mtu alikaa na yake mpaka mwisho, na mimi nilikuwa wa kwanza kuificha yangu kwa sababu sikutaka ionekane ikiwa haijakamilika.

Niliposoma kumbukumbu za kikao cha pili nilikuta jambo ambalo nililiandika kwa mkono wangu na kulisahau. Mmoja wetu, ambaye kwa miaka kumi na moja amekaa dirishani akiwapokea watumishi wapya, alisema kwamba mgeni hasomi kurasa themanini siku ya kwanza, na akaomba mwongozo uanze na ukurasa mmoja wa mambo ya siku hiyo tu. Chini yake niliandika: "Wajumbe walipokea maoni." Baada ya hapo hakusema tena neno katika kikao chochote. Kurasa zake nne zilikuwamo kati ya zile tulizozifuta.

Ndugu Fundi Programu, kwa mpango wako wa waandishi watatu, yeye asingekuwamo. Hata hivyo nimechukua nusu ya ushauri wako: safari hii kila sura ina jina la mtu mmoja juu yake, na jina la mwingine anayeipokea siku ya Alhamisi, ikiwa imekamilika au haijakamilika.

Fundi Programu alijibu:

Nimekubali, ingawa namba ishirini na moja bado inaninyima usingizi. Huyo wa dirishani umeongea naye?

Mdadisi wa Zamu alijibu:

Nilimwendea juzi na kumwomba radhi. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema alidhani faili lake lilipotea. Nilimwambia halikupotea, tulilifuta.

Jana ameniletea ule ukurasa wa siku ya kwanza, umeandikwa kwa kalamu. Una mistari kumi na minne, ameikusanya kutokana na maswali ambayo wageni humuuliza dirishani. Mstari wa tatu unasema kwamba "fomu ya kupokelea" inayotajwa ukurasa wa 31 ndiyo "hati ya makabidhiano" ya ukurasa wa 9, na kwamba mgeni asiende kuomba fomu mbili. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumeapa kwamba jina hilo tumelisahihisha kila mahali.